Uuze Kibanja cha Rubya Ununue Subaru ya Ajali? Ngoja Kwanza Nikupe Historia

Ilikuwa Novemba, msimu wa senene, watu wameshaanza kuulizana nani anapanda Bukoba Krismasi na nani anabaki Dar. Saa nne usiku picha ikadondoka kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Subaru Impreza WRX STI, bluu ile ile unayoijua, ringi za dhahabu, ila mbele kushoto pamekunjwa kama kopo la soda lililokanyagwa na daladala. Chini yake binamu yangu kaandika: "Wazee na ndugu zangu, shikamooni. Hii iko mnadani Japani. Bei yake haifiki hata nusu ya nzima. Nimeamua."

Lile neno la mwisho ndilo lililotuamsha wote. Maana binamu hana hela ya kununua hata hiyo nusu. Anachomiliki duniani ni sehemu yake ya kibanja alichoachiwa na marehemu baba yake kule Rubya, Muleba.

Kama hujakulia kwetu, elewa kwanza: kibanja sio kiwanja. Kiwanja unauza leo, kesho unahamia kingine. Kibanja ndiko kwenye migomba, ndiko kwenye mibuni, na ndiko lilipo kaburi la mzee. Kumuuzia mtu wa nje ya ukoo ni jambo la kuitisha kikao.

Grupu likawaka. Wa rika letu wanamwambia "piga kazi mwana, tunataka kusikia mlio". Mashangazi wameshaanza kusali. Kila mtu kasema lake, isipokuwa ba'mkubwa mmoja, fundi magari mstaafu, mtu asiyependa kuandika. Yeye akatuma sauti fupi tu: "Mwanangu, sijakataa. Nijibu kitu kimoja. Hiyo gari imeumia wapi?"

"Mbele, ba'mkubwa."

"Mbele naona. Nimeuliza imeumia wapi."

Kimya. Hakuna aliyejua, hata binamu aliyekuwa anataka kuuza urithi wake. Makala hii ni kuhusu swali hilo.

Simba wa Kenya na Volvo ya mkono wa pili

Sisi Wahaya mnatujua, nshomile hakosi hoja. Hazikupita dakika tano binamu akarudi na historia: "Ba'mkubwa, Joginder Singh alishinda Safari Rally na gari la mkono wa pili lililochakazwa na wenzake. Kwa nini mimi nishindwe kulisimamisha hili?"

Na hapo mtu wangu, lazima nikiri, jamaa alikuwa na pointi.

Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Enzi hizo ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara hizi hizi wanazopita ng'ombe na mabasi, na mara nyingi kwenye mvua za masika. Viwanda vya Ulaya vilileta magari na madereva wakubwa, wakaishia kuvutwa na trekta kwenye tope.

Mwaka 1965, Joginder Singh, Msikh mzaliwa wa Kericho, akiwa na ndugu yake Jaswant, aliingia na Volvo PV544. Gari lenye umbo la miaka ya 1940, mgongo umejikunja kama kobe. Na halikuwa jipya. Liliwahi kuwa la timu ya kiwanda, likapitia misukosuko ya mashindano, wao wakalichukua likiwa limeshatumika. Wakalitengeneza, wakashinda. Baadaye Joginder akashinda tena 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer. Watu wakamwita Simba wa Kenya.

Na sisi Tanzania tulikuwa na wetu. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa anaishi Dar es Salaam, alishinda Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404. Ndiyo, 404 ile ile ambayo babu yako anaikumbuka kama gari la mkuu wa shule. Enzi hizo ukiwa na 404, wewe ndiye mwenye STI ya mtaa. Shika hilo, tutalirudia mwishoni.

Sasa, hadithi ya Volvo ya 1965 huwa inasimuliwa kama muujiza. Binamu aliisimulia hivyo hivyo. Ila ukiitazama kwa jicho la gereji utaona vitu ambavyo hakuvitaja. Joginder alikuwa fundi, mtoto wa mwenye gereji, amekua mikono ina grisi. Gari alikuwa nalo mbele ya macho yake, anaweza kulilaza, kulifungua, kuingia uvunguni na tochi. Na hakulitengeneza ili aliuze au apige nalo picha Coco Beach. Alilitengeneza kwa ajili ya kazi moja anayoijua kuliko wote.

Binamu yangu ni mhasibu. Gari liko Japani. Alichonacho ni picha.

Kizazi cha kuunganisha

Ba'mkubwa alianza kama tanboi wa malori ya kahawa, enzi mkoa wetu ukiitwa Ziwa Magharibi. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikaruka, na malori yakapata kazi. Halafu ikaja vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, daraja la Kyaka likavunjwa, na mpaka Kampala inaanguka Aprili 1979 nchi ilikuwa imechoka mfukoni.

Miaka iliyofuata wazee wetu hawaisahau. Sabuni kwa foleni, petroli kwa kibali, magari binafsi yamezuiwa kutembea Jumapili mchana. Fedha za kigeni hakuna, kwa hiyo spea hakuna. Hapo ndipo kilipozaliwa kizazi cha mafundi wa kuunganisha: gari moja linakufa ili jingine liishi. Giaboksi ya Land Rover iliyopinduka Biharamulo inakwenda kwenye Land Rover iliyoungua injini Muleba.

Vijana tunapenda kusema wazee wale walikuwa wanafufua chochote. Ba'mkubwa anakataa kabisa. Anasema kazi yao kubwa ilikuwa kukataa. Kati ya magari ya ajali yaliyoletwa gereji, mengi yaligeuzwa spea siku hiyo hiyo, na machache tu yalisimamishwa. Waliyachaguaje? Kwa kamba.

Unaliweka gari juu ya mawe, unatafuta alama mbili mbele kwenye chesisi na mbili nyuma, unavuta kamba kutoka kushoto mbele mpaka kulia nyuma, halafu kulia mbele mpaka kushoto nyuma. Kamba mbili zikilingana, chesisi imesimama sawa, hata kama boneti imekuwa chapati. Zikipishana, gari limepinda mwili. Bampa linaweza kuwa zima kabisa na bado gari limekufa.

Leo kuna mashine za leza kwa kazi hiyo, lakini kinachopimwa ni kile kile. Na hilo ndilo lilikuwa swali la ba'mkubwa: jeraha liko kwenye ngozi au kwenye mfupa?

Mtu wa Kagera hili analielewa bila kufundishwa. Baada ya tetemeko la 10 Septemba 2016 tulijifunza wote, kwa lazima, kutofautisha ufa wa plasta na ufa wa msingi. Kuna nyumba zilionekana vibaya zikapigwa lipu na mpaka leo watu wanalala humo. Kuna nyingine zilisimama vizuri tu, mafundi wakagonga ukuta wakasema: hameni.

STI ilivyoingia vichwani mwetu

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, mwenye fedha zake za nje akaruhusiwa kuingiza bidhaa. Miaka ya 90 ikaja na wimbi la magari yaliyotumika kutoka Japani. Usukani upande wetu, hali nzuri, bei inayoongeleka.

Wakati huo huo kwenye Safari Rally, Subaru walikuwa wanaandika jina. Colin McRae alishinda 1997 na Impreza, Richard Burns akashinda 2000 na Impreza vilevile. Katikati hapo ikaja PlayStation, na mtoto wa Sinza au wa Kashai ambaye hajawahi kugusa usukani akawa anajua tofauti ya WRX na STI. Subaru walijitoa kwenye mashindano ya dunia mwishoni mwa 2008, ila sisi hatukujitoa. Mpaka leo ule mlio ukipita Mwenge saa sita usiku, watu wanageuza shingo.

Kwa hiyo simcheki binamu. Ile picha ya bluu na dhahabu imegusa kitu kilichokaa kifuani mwake tangu darasa la tano. Wauzaji wa magari ya ajali wanalijua hilo kuliko sisi. Upande wa nyuma wa gari, ambao ni mzima, ulipigwa picha sita. Mbele, mbili.

Karatasi ya mnada inasema nini

Minada ya magari ya Japani ina kitu kizuri ambacho wengi hawakisomi: karatasi ya ukaguzi. Kabla gari halijauzwa, mkaguzi wa mnada analizunguka na kujaza fomu yenye mchoro wa gari. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa ikabaki na mawimbi, S ni kutu, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa. Juu kuna daraja: 5 na 4.5 ni gari safi, 4 na 3.5 ni la kawaida, kushuka chini ni mchoko. Minada inatofautiana kidogo, lakini lugha ndiyo hiyo.

Halafu kuna R. Hapa ndipo vijana wanapigwa.

R maana yake gari lina historia ya kutengenezwa kwenye mifupa. Mlango uliobadilishwa hauleti R. Bampa, boneti na madigadi ya kufunga kwa bolti havileti R. Kinacholeta R ni reli za mbele za chesisi, nguzo zinazoshika paa, sakafu, paa lenyewe, ule ukuta kati ya injini na dashibodi, na fremu inayoshika rejeta. Kwa hiyo Wajapani, na kompyuta zao zote, wanaulizana swali la kamba la mafundi wa Muleba: ngozi au mfupa?

Binamu alikuwa hajaiona karatasi. Aliyekuwa anamuuzia, dalali mmoja wa mtandaoni, alimwandikia "ajali ndogo ya mbele". Tukamwambia aombe karatasi yenyewe, ile ya Kijapani yenye mwandiko wa mkono. Ilichukua siku tatu kuja. Tukatafuta mtu wa kutusomea. Reli ya mbele kushoto imepinda. Fremu ya rejeta X. Mifuko ya hewa yote miwili imelipuka. Injini haiwaki.

"Ajali ndogo" ilikuwa na mfupa uliovunjika na moyo usiodunda.

Moto na chuma

Mmoja kwenye grupu akasema, reli si inapashwa moto na gesi, inavutwa, inanyooka? Nimeona gereji nyingi wanafanya. Kweli wanafanya.

Ila hebu sisi tuwe wa mwisho kudanganywa juu ya chuma. Pale Kemondo, njiani ukitoka Bukoba kwenda Muleba, wanaakiolojia walichimba tanuru za kuyeyushia chuma zenye umri wa miaka 1,500 mpaka 2,000. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa wanakumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuru la udongo na kuwaonyesha watafiti Peter Schmidt na Donald Avery jinsi ilivyokuwa. Shimo wanalijaza matete ya kinamasi yaliyochomwa, mabomba ya udongo yanaingizwa ndani ya tanuru ili hewa ya mivukuto ipate joto kabla ya kufika kwenye moto. Matokeo yakachapishwa 1978, dunia ikashangaa: watu hawa walikuwa wanapata chuma chenye kaboni ya kutosha kuitwa feleji.

Wazee wale wangekuambia kitu ambacho fundi wa haraka hakuambii: moto unabadilisha chuma, haukinyooshi tu. Reli na nguzo za magari ya kisasa mara nyingi ni chuma kigumu kilichoandaliwa kwa joto la kipimo. Kazi ya reli ya mbele ni kujikunja kwa mpangilio siku ya ajali, ili nguvu isifike miguuni kwako. Ukiipasha kwa gesi mpaka ikawa nyekundu ukaivuta, itanyooka, utaipaka rangi, utapendeza. Siku ya ajali ya pili itajikunja inavyotaka yenyewe. Na STI sio gari la kwenda nalo kanisani kwa spidi 40.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Niliwahi kununua Altezza kwa mtu, rangi inang'aa, bei ya kirafiki. Kila nikifika 80 inavuta kushoto. Nimebadilisha tairi, shokapu, mpira mpaka mpira. Mwisho fundi mzee wa Ilala akaing'oa zulia la buti akanionyesha mstari wa kuchomelea umepita sakafu nzima. Lilikuwa magari mawili yaliyoozeshwa. Niliuza kwa hasara, na nilimwambia mnunuzi ukweli, ndiyo maana hasara ilikuwa kubwa.

Mbele ya Subaru pana nini

Turudi kwenye STI. Injini yake ya EJ20 imelala, silinda mbili kushoto mbili kulia, na iko mbele kabisa ya gari. Mkanda wa taimingi uko usoni mwa injini, nyuma tu ya rejeta. Gari likipigwa mbele vya kutosha, rejeta inarudi nyuma, inakwenda kugonga kava ya taimingi. Mkanda ukiruka au puli ikivunjika injini ikiwa inazunguka, vali zinakutana na pistoni. Kwa injini hii hakuna nafasi ya kupishana. Zinapinda.

Kwa hiyo "haiwaki" inaweza kuwa waya wa betri uliokatika. Inaweza pia kuwa injini nzima imekwenda. Kwa picha huwezi kujua.

Mifuko ya hewa nayo watu wanaichukulia poa. Ikilipuka hubadilishi mifuko tu. Kuna mikanda ya kiti iliyojikaza, kuna kompyuta yake, kuna dashibodi iliyochanika. Mjini wapo wanaoshona dashibodi, wanazima taa ya onyo, biashara inaendelea. Hilo ni gari la kumuua mtu baadaye, tuliite kwa jina lake.

Sasa hesabu

Ba'mkubwa alimwambia binamu akae na karatasi, yeye si mhasibu? Akakaa.

Jambo la kwanza alilogundua lilimkata maini: TRA hawaanzi na bei uliyoshinda mnadani. Wana mfumo wao wa thamani za magari yaliyotumika, kwa aina, modeli na mwaka. Wewe umelipata kwa bei ya mabaki, ila kodi inahesabiwa kwa thamani ya kwenye mfumo.

Chukua mfano wa thamani ya shilingi milioni 10, namba ya kujifunzia tu. Ushuru wa forodha 25%, hiyo ni milioni 2.5, jumla 12.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya ukubwa huu, isiyozidi sisi 2,000, ni 5%, hiyo ni 625,000. EJ20 ina sisi 1,994, umepona hapo, ingevuka ungelipa 10%. Gari limezidi miaka 10, uchakavu 30%, hiyo ni milioni 3.75. Juu ya vyote VAT 18%, kama milioni 3 na kidogo. Jumla inakaribia milioni 9.9, na bado kuna tozo ndogondogo na gharama za bandari. Viwango vinaguswa kwenye bajeti, kwa hiyo pita kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujaamini blogu yoyote, hata hii.

Maana yake kodi peke yake inakaribia kulingana na thamani ya gari. Na haijali kama gari ni zima au limekunjwa. Ile nusu bei ya mnada inapunguza sehemu ndogo tu ya mzigo wote. Ongeza meli. Ongeza nozikati, ule uso wa gari uliokatwa unaoagizwa mzima mzima. Ongeza mifuko ya hewa. Ongeza injini kama vali zimepinda. Ongeza ukaguzi wa ubora wa barabarani, ambao gari lenye mbele iliyovunjika halipiti hivi hivi. Binamu alipofika mstari wa mwisho, STI ya ajali ilikuwa imeipita STI nzima. Na hapo hajaweka hela ya "tumefungua tukakuta na hiki".

Basi lipi linafaa?

Nisije nikaeleweka kwamba magari ya ajali yote ni mtego. Hapana. Watu wanakula vizuri kwenye biashara hii, hapa Dar, Nairobi, Kampala, na Wabongo walioko Marekani wanaonunua kwenye minada ya magari ya bima kama Copart. Siri yao ni kujiuliza kwa nini gari lilihukumiwa.

Kampuni ya bima ya Marekani au Japani haihukumu gari kwa sababu haliwezi kutengenezeka. Inalihukumu kwa sababu gharama ya kulitengeneza kule inakaribia au inapita thamani yake. Na kule saa moja ya fundi ni hela ndefu. Huku kwetu fundi bodi anapiga nyundo siku nzima kwa pesa ambayo kule hailipi hata saa moja. Hiyo tofauti ndiyo faida yako halali.

Ila angalia vizuri: tofauti iko kwenye kazi, haiko kwenye spea. Injini ya STI haiwi rahisi kwa sababu imefika Kariakoo. Kwa hiyo gari lenye jeraha la kazi, milango iliyobonyea, digadi, rangi iliyochunika ubavu mzima, mvua ya mawe, hilo ni mali kwetu. Gari lenye jeraha la spea, mifuko ya hewa, injini, giaboksi, mifumo ya umeme, hilo lina hasara ile ile kote, na kwetu unaongeza meli na kodi. Lililoingia maji mpaka kwenye dashibodi, kimbia. Lenye mfupa uliopinda, labda uwe unalikata spea tangu siku ya kwanza.

Na mwisho jiulize unanunua kwa hela gani. Fundi akikosea, amepoteza hela na jioni. Anaweza kukata gari lile, akauza giaboksi, ringi, turbo, akarudisha kidogo. Wewe ukikosea, umempa mtu mwingine shamba, halafu unalipa maegesho ya chuma chakavu Tabata.

Nyuma ya migomba

Mnada ulifungwa Alhamisi. Binamu hakuweka dau. Alinyamaza kwenye grupu wiki mbili, tukajua ameumia. Krismasi akapanda basi kama sisi wengine.

Siku ya pili ya sikukuu ba'mkubwa akamwita, "njoo nikuonyeshe kitu." Tukamfuata wote, na soda zetu mkononi. Nyuma ya nyumba yake, ndani kabisa ya migomba, kuna Peugeot 404. Nilikuwa naijua tangu utotoni, tulikuwa tunaokota mayai ya kuku kwenye kiti cha nyuma. Hatukuwahi kuuliza ilifikaje pale.

Akatuambia. Alikuwa kijana, kamshabikia Shankland kupitia redio mpaka akili ikahama. Mwaka 1980 akapata 404 iliyopinduka, bei ya bure. Aliuza mavuno ya kahawa ya misimu miwili ambayo hayakuwa yake peke yake, yalikuwa pia ya mdogo wake. Akasema mwezi mmoja inatembea. Alivuta kamba baada ya kununua.

"Zilipishana kiasi gani?" binamu akauliza.

Ba'mkubwa akaonyesha kwa vidole. Kama urefu wa kiberiti.

Yule mdogo wake alikuwa baba yake binamu. Hela ile ilikuwa ya ada, na ada ilibidi itafutwe kwingine, na ikachelewa mwaka mzima. Hajawahi kulisema hilo mbele ya watoto mpaka siku ile. Mzee hayupo tena wa kumwomba radhi. Kaburi lake liko upande wa pili wa uzio, kwenye kile kibanja.

Binamu alizunguka ile 404 mara mbili. Akapiga magoti pale kwenye majani makavu ya migomba, na suruali yake nzuri ya sikukuu, akachungulia chini ya chesisi. Akauliza kama kamba ipo ndani.